Abiria wa Kwenye Madigadi

Sikiza, hii si hadithi ya kuwatuliza watoto chakula kikichelewa. Ni jambo nililoliona mwenyewe kwa macho haya mawili, na pombe sijaonja tangu nioe. Mke wangu yupo, muulize. Kuna watu huku Sigowet wakisikia nimeanza hii habari wanatazamana na kutabasamu. Wacha watabasamu. Wao hawakuwa juu ya ile trekta. Mimi nilikuwa juu yake, na kama leo napumua mbele yako ni kwa sababu ya mtu ambaye siku hiyo nilipombeba alikuwa ameshazikwa kitambo.

Ilikuwa miaka ya tisini, baada ya zile fujo za mpakani kati yetu Wakipsigis na Wajaluo. Boma letu liko juu kabisa, pale mlima unapoanza kuanguka kuelekea nchi ya Wajaluo. Siku ya jua ukisimama kwenye shamba langu la chai unaona tambarare yote ya chini, na mbali kule ziwa linang'aa kama bati jipya. Siku ya ukungu humwoni hata ng'ombe uliyemshika kamba. Na kwetu siku za ukungu ndizo nyingi.

Shida yetu ilikuwa majani. Chai ukishaichuma haikungoji. Lazima ifike kwenye kituo cha kununulia siku hiyo hiyo, ikiwa mbichi, la sivyo inapata moto ndani ya gunia, inageuka nyekundu, na karani anaimwaga chini mbele ya macho yako. Lori la kiwanda lilikuwa linaishia kituoni, kule bondeni. Kupanda kwetu kwa tope lilikataa. Kwa hiyo wanawake walibeba mgongoni. Siku moja mke wangu aliteleza na mzigo, akiwa na mimba ya binti yetu Chebet, akaviringika mpaka mtaroni. Mtoto hakudhurika, Mungu ni mwema. Lakini mimi nilisimama pale mtaroni nimekasirika mpaka machozi, nikaapa kwamba mgongo wa mke wangu hautabeba majani tena. Nitatafuta trekta.

Watu walicheka! Mtu wa chai kidogo na ng'ombe wa kuhesabika, ati trekta. Ndugu zangu ndio walicheka zaidi, kwa sababu ng'ombe niliowauza walikuwa wanawapigia hesabu zao.

Niliipata upande wa Kaplong, nyuma ya nyumba ya mtu wa vyuma chakavu. Ilikuwa imetoka kwenye shamba moja kubwa la chai. Imezama kwenye nyasi, tairi zote zimekufa, kuku ametaga chini ya boneti, usukani umepinda, na madigadi ya kushoto, lile bati la juu ya tairi kubwa, limebonyea. Nikamuuliza yule mtu, "Hii waliiacha kwa nini?"

"Uzee tu, mzee. Kwani wewe hutazeeka?"

Nikaridhika. Sikuuliza ilianguka wapi. Sikuuliza nani alikuwa ameshika usukani. Na nani huuliza? Ukinunua jembe sokoni unauliza nani alilima nalo?

Sasa, injini mimi naijua. Nilikuwa nimefanya kazi karakana ya kiwanda kabla baba hajaniita nyumbani nishike shamba, kwa hiyo usidhani nilikuwa nabahatisha. Pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda kwa kutu. Nikamimina diseli ndani, nikaziacha zilowe, na kila jioni baada ya kukamua nagonga kidogo na kipande cha mti. Siyo nyundo! Watu wa haraka hupiga nyundo halafu wanalia. Nikagonga, nikangoja, nikaongeza diseli. Siku pistoni ziliposogea kidogo tu, upana wa ukucha, nilipiga kelele mke wangu akatoka jikoni na mwiko akidhani nimeumwa na nyoka.

Pampu ya diseli nikaipeleka Kericho mjini kwa fundi, yeye akaisafisha pamoja na nozo. Ringi nikaweka mpya, gasketi mpya. Usukani nikaunyoosha kwa moto wa makaa. Madigadi nikaigonga ikarudi karibu na ilivyokuwa. Breki za upande wa kulia nikabadilisha vitambaa vyake. Vya kushoto vilikuwa vimelowa oili lakini havijaisha, nikavisafisha na petroli, nikasema vitashika. Unasikia vizuri? Nikasema vitashika.

Siku ya kuiwasha tuliazima betri ya gari la mchungaji. Nikatoa hewa kwenye mipira ya diseli, nikawasha. Ikakohoa. Ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Tena. Ikakohoa, ikatetemeka yote, halafu ikanguruma, na kuku wote wa boma wakapotelea kwenye chai. Mke wangu aliimba. Ndugu zangu hao hao waliocheka walikuja kuishikashika kama ng'ombe wa maziwa.

Tukaanza kazi. Asubuhi maziwa, mchana kulimia majirani mahindi, jioni majani. Nilikuwa na trela, nabeba magunia ya kijiji kizima hadi kituoni, na wanawake wanateremka kwa njia ya mkato mikono mitupu, wanapiga porojo. Hicho ndicho nilichokitaka maishani, sina tamaa kubwa.

Kulikuwa na jambo moja tu. Kila asubuhi ya ukungu nilikuta kile kibomba cha chini ya tangi, kinachoruhusu diseli iende kwenye injini, kimefungwa. Jioni nimekiacha wazi, asubuhi kimefungwa vizuri, kama afanyavyo dereva wa kampuni akimaliza zamu. Nikamgombeza mke wangu. Akaniambia hajui hata kiko wapi, na nisimletee kelele za chuma jikoni kwake.

Basi ikaja siku yenyewe.

Ilikuwa jioni, saa kumi hivi. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga ikaacha, ukungu ukashuka mpaka ukagusa barabara. Trela imejaa mpaka juu, magunia yamelowa, uzito mara mbili. Wanawake walikuwa wametangulia kituoni. Mimi niko peke yangu. Kabla ya mteremko mkubwa kuna mahali barabara imenyooka kidogo, na pale nikaona mtu amesimama kando, ameinua mkono. Koti la khaki la kazi, buti za mpira, kofia ya sufu. Sikumfahamu, lakini vibarua wa mashamba ni wengi, utawafahamu wote?

"Mzee, nisongeze mbele."

Sikuwa nimesimama bado. Alikanyaga nyuma pale trela inapofungiwa, akashika, akajigeuza, na akawa ameketi kwenye madigadi ya kushoto. Haki ya Mungu, alivyopanda nilijua ni dereva. Mtu wa kawaida hupanda trekta kama anapanda kitanda cha watu. Na alipoketi nikasikia baridi upande ule mmoja, kama wamefungua mlango wa chumba cha barafu kule wanapopokea maziwa. Nikasema ni mvua ya mawe. Ningesema nini?

Akatega sikio. "Pampu umeifunga vizuri," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa ziwani. "Lakini silinda ya tatu inagonga."

Ilikuwa kweli inagonga. Nikachukia kidogo. "Wewe ni fundi?"

"Nilikuwa dereva."

"Wa wapi?"

Alikuwa anaangalia ukungu, anageuza kichwa huku na huku kama mtu aliyeshushwa stendi asiyoijua. "Mzee, ziwa liko upande gani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. "Kule chini. Kungekuwa na jua ungeliona."

"Kila siku naambiwa ni kule. Nateremka, nateremka, halafu najikuta hapa tena."

Nikamwangalia. Koti lake lilikuwa kavu. Mvua ile yote, mimi nimelowa hadi soksi, na lile koti lilikuwa kavu, lina vumbi. Vumbi! Mwili wangu ulielewa kabla ya kichwa, nywele zilisimama. Lakini tulikuwa tumefika kichwani mwa mteremko, na mkono wangu ulikwenda kwenye gia kwa mazoea.

Hapa lazima nikueleze kitu kama hukukulia milimani. Sisi watu wa miteremko tuna ujanja wetu. Diseli ni ghali. Ukifika kichwani mwa mteremko unaitoa trekta kwenye gia, unaiacha iende yenyewe, unateremka bure huku injini inapumua tu. Tunaita kuitia fri. Kila mtu alifanya hivyo, na aliyeweza kwenda mbali zaidi kwa fri alijisifu kanisani. Mimi pale nilikuwa nimeitia fri kila jioni tangu trekta ipone.

"Usiitie fri," akasema yule mtu.

Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mkali. "Diseli unaninunulia wewe?"

Nikasukuma gia. Akaweka mkono wake juu ya wangu.

Niamini ndugu yangu. Nimeshika barafu, nimeshika maiti ya baba yangu mzazi. Baridi ile sijaikuta tena. Iliingia kwenye kiganja ikapanda hadi kwapani, na gia haikusogea hata kidogo. Nilipiga kelele, nikamtukana kwa Kikipsigis matusi ambayo sikujua kama nayajua. Yeye hakukasirika. Alisema tu, polepole, "Mimi niliitia."

Trekta ilikuwa imeshaanza kuteremka. Nikakanyaga breki nisimame nimtupe chini. Breki ya kulia ikashika. Ya kushoto haikushika! Ilienda mpaka chini kama nimekanyaga ugali. Trekta ikavutwa upande mmoja, trela nyuma ikaanza kusukuma, na mbele yangu kulikuwa na ukungu mtupu na mteremko ambao mwisho wake ni kituo cha majani, na pale kituoni wanawake wote wa kijiji wameketi barabarani juu ya magunia matupu wakingoja, na mke wangu kati yao, na Chebet mgongoni.

Nikaachia breki. Hakukuwa na kitu kingine cha kutushika, ni ile gia tu. Gia ya chini, injini inapiga mayowe, moshi unatoka, tope linaruka, trela inatusukuma kama fahali, na gia inakataa. Inakataa kwenda haraka. Mkono wa yule mtu uko juu ya wangu wakati wote. Tuliteremka vile mpaka chini, sijui ilichukua muda gani, usiniulize. Niliomba kwa sauti. Nafikiri niliahidi Mungu mambo ambayo mengine sijayatimiza.

Ukungu ukafunguka kituoni nikaona watu wameruka wote, wako kwenye mitaro ya pande mbili, barabara iko wazi. Nikapeleka trekta kwenye ukingo wa udongo, ikapanda kidogo, ikazimika. Nikageuka kushoto. Madigadi ilikuwa tupu.

Mke wangu alikuja mbio, Chebet analia mgongoni. Nikamuuliza, "Nani aliwaambia mtoke barabarani?"

"Yule uliyembeba," akasema. "Alikuja mbele yako akikimbia, anatufukuza kwa mikono. Ameenda wapi? Mbona hata asante hatujamwambia?"

Wewe niambie. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu wakati wote. Na wanawake wote wa kituo walimwona akikimbia mbele. Nilikaa pale juu nikacheka na kulia pamoja, nikawa siwezi kuacha, mpaka mke wangu akanipiga kofi la mgongo. Wako hai! Ndiyo tu niliyokuwa nafikiria. Wako hai wote.

Lakini furaha hiyo ililala usiku mmoja. Kesho yake ukungu ukaja, nikaenda kwenye kibanda cha trekta na vitambaa vipya vya breki, na yule mtu alikuwa ameketi pale pale kwenye madigadi. Mikono mapajani, kama mtu anayengoja gari. Nikarudi nyumbani kinyumenyume.

Basi sikuigusa tena. Mchungaji alikuja akaomba vizuri sana, na asubuhi ya ukungu kibomba kikafungwa kama kawaida, naye yupo. Hakutudhuru. Alikuwa anaangalia upande huu na ule. Ungeweza wewe kuendesha? Ningeiuza, lakini ningemwambia mnunuzi nini, kwamba inakuja na dereva wake? Ikakaa. Na siku majani yalipoiva mke wangu akachukua kikapu chake ukutani, akakitia mgongoni na kuteremka kwenye tope. Nilimwangalia akienda mpaka ukungu ukammeza. Aibu niliyosikia siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko woga.

Ni yeye mke wangu aliyetafuta dawa. Sokoni kulikuwa na mama mmoja wa ziwani, Mama Akinyi, muuza omena, wale dagaa wadogo. Mume wake alikuwa mtu wa kuchochea boila kiwandani na wameishi kwetu muda mrefu. Mke wangu akamweleza: koti la khaki, kofia ya sufu, anauliza ziwa. Mama Akinyi akaacha kupima omena. Akafunga biashara, akapanda na mke wangu mpaka kwetu, mwanamke mnene yule, anahema.

"Huyo ni Odongo," akaniambia. "Alikuwa dereva kule mashamba makubwa upande wa Kaplong. Alipinduka na trekta na trela ya majani. Mama yake tunatoka naye sehemu moja, hapo chini tu ukivuka mto."

"Kwani hakuzikwa?"

"Alizikwa kwao, vizuri kabisa. Lakini sikiza, Baba Chebet. Sisi mtu akianguka njiani, hatubebi mwili peke yake. Watu wa nyumba yake wanaenda mahali alipoangukia, wanamwita kwa jina, wanamwambia twende nyumbani. Na hao walienda. Walisimama pale barabarani wakamwita. Lakini trekta ilikuwa imeshavutwa ikapelekwa yadi, na Odongo alikufa ameshika usukani, walimtoa mikono yake bado imeushika. Hakuwa pale barabarani. Alienda na trekta. Walimwita mahali ambapo hayupo!"

Nikamwambia mimi ni Mkristo. Alinigeukia mkali. "Na mimi ni nani? Jumapili mimi naketi benchi ya mbele. Lakini mtu wa kwetu haachwi barabarani. Utampeleka ama hutampeleka?"

Nikuambie ukweli: nilichoogopa zaidi si Odongo. Zile fujo zilikuwa zimepita, lakini hazikuwa zimepita mbali. Kulikuwa na nyumba zimeungua huku na kule, watu wamezika huku na kule. Mkipsigis kuteremka peke yake hadi vijiji vya chini, na trekta, akisema amewaletea marehemu wao? Ndugu zangu walisema nimerogwa kabisa. Kikapu cha mke wangu kilikuwa pale mlangoni, kinavuja maji.

Nikafunga breki mpya pande zote mbili, nikifanya kazi huku nimempa mgongo abiria wangu. Asubuhi tukaondoka. Mama Akinyi alipanda madigadi ya kulia, akashika vizuri, akaanza kuongea na ile ya kushoto ambayo mimi nilikataa kuiangalia. Aliongea njia nzima. Kwa Kijaluo, sauti ya kawaida tu, kama unamwelekeza mgeni. Hapa tunapinda, Odongo. Hapa ni daraja, tunavuka, njoo. Wadhi dala, alisema mara nyingi, yaani twende nyumbani. Kwenye miteremko mikali ya kushuka mlima niliweka gia ya chini na sikuitoa. Na ule mkono ulikuja tena juu ya wangu. Safari hii sikupiga kelele. Niliuacha.

Tulipokuwa nusu ya mlima, ukungu ukabaki juu. Jua likatuangukia ghafla, na ziwa lile hapo, lote, linang'aa. Nikasikia upande wa kushoto mtu amevuta pumzi ndefu. Mama Akinyi pia alisikia, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Chini vijana walitusimamisha. Walikuwa wengi, na hawakuwa wakitabasamu. Mmoja akashika boneti, akaniuliza mimi wa wapi, na natafuta nini huku. Mama Akinyi akashuka, akaongea nao maneno machache, akaonyesha madigadi. Yule kijana akaondoa mkono wake polepole kwenye boneti. Akavua kofia. Wenzake wakavua. Wakageuka, wakatutangulia kwa miguu mpaka bomani, na mimi nikafuata kwa gia ya kwanza.

Mama yake alikuwa bibi mwembamba, anapepeta mtama. Hakuna mtu aliyekuwa amempelekea habari. Alisikia injini, akaweka ungo chini, akaja moja kwa moja. Hakuniangalia mimi, wala Mama Akinyi. Alisimama mbele ya ile madigadi, akaweka mikono kiunoni, na akaanza kugomba. Ndiyo, kugomba! Kama unavyomgombeza mtoto aliyetumwa dukani akachelewa. Mama Akinyi alinitafsiria baadaye: ulikuwa wapi, chakula kimepoa, nimechoka kukungoja, shuka uingie ndani. Machozi yanamtiririka na anagomba.

Na trekta ikainuka. Wale vijana waliona. Tairi ya kushoto, mpira wenyewe, ukajaa kidogo, vile unavyojaa mtu mzito akishuka. Bibi akageuka, akatembea kuelekea mlango wa nyumba yake, polepole, akisogea kando kidogo kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita. Akaingia. Mlango ukabaki wazi.

Mimi nilikalia nyasi nikalia kama mtoto. Kwa nini? Nilikuwa nimechoka kuogopa, hivyo tu. Kijana aliyeshika boneti aliniletea maji ya kunywa, akaketi karibu nami.

Bibi alipotoka alikuwa amekauka uso. Akaizunguka trekta yote akiigusa. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kidogo, "Hii ndiyo iliua mtoto yangu?"

Nikasema, "Ndiyo, mama." Ningemdanganya vipi? Nilidhani sasa ndipo atanilaani, au aniambie niichome moto.

Halafu akaonyesha kipande cha shamba nyuma ya nyumba, nyasi mpaka kiunoni. "Alikuwa analima hapo yeye. Sasa hii ndiyo italima."

Nikarudi juma lililofuata na plau. Nililima kile kipande chote, bure, na kila mwaka kabla ya mvua niliteremka nikalima, mpaka bibi alipofariki, na siku ya mazishi yake nilikaa na watu wa nyumba. Alikuwa akinifungia samaki wa kupelekea mke wangu. Sasa waulize wale ndugu zangu nani alirogwa.

Trekta bado inafanya kazi, siyo ya maonyesho. Silinda ya tatu niliirekebisha. Kibomba cha diseli nakifunga mwenyewe jioni, na asubuhi nakikuta nilivyokiacha. Mke wangu ana mgongo mzima, na kile kikapu kuku walikitagia mpaka kikaoza. Mkono wangu huu wa gia ndio haukurudi sawa. Hausikii baridi wala moto, naweza kuinua sufuria motoni bila kitambaa, na wajukuu wanadhani ni ujanja.

Sasa wewe unacheka, nakuona. Cheka. Lakini ukinunua chuma cha mtu mwingine, uliza nani alikikalia kabla yako na aliondokaje. Na ukifika kichwani mwa mteremko, hata diseli iwe imekwisha kabisa, hata wenzako wakuite mwoga, teremka na gia. Juzi nimemwona jirani yangu ameitia fri pale pale, na mzigo, na ukungu, nikamkimbilia na fimbo kama mwizi. Alisema, "Mzee, si wewe ulifanya hivyo ukapona?" Nikamwambia, na wewe nakuambia: mimi nilishikwa mkono. Aliyenishika amefika kwao, amelala. Kwenye ule mteremko sasa hakuna mtu.